Makala 31, dola 47, na mkononi hamna kitu

Ndugu Mshauri,

Habari za kazi. Nina miaka 27, naishi Chamazi, ni karani wa nyaraka kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi iko Kurasini. Mshahara hauvuki tarehe 18. Kwa hiyo tangu Februari nimekuwa nikiandika makala za Kiingereza usiku kwa tovuti moja ya nje ambayo mtu yeyote anaweza kujisajili. Wanaweka mada, unachagua, unaandika maneno 500, mhariri wao anapitisha au anakataa. Malipo ni nusu senti ya dola kwa neno, yaani dola 2.50 kwa makala.

Mpaka leo nimepeleka makala 31. Zimepita 19, zimekataliwa 12. Tano kati ya hizo zilirudi na maelezo mafupi tu kwamba zimeandikwa na mashine, wakati ChatGPT niliitumia kunipangia vichwa vidogo tu, maandishi ni yangu. Akaunti inasoma dola 47.50. Huruhusiwi kutoa mpaka ifike 50, na juzi ndiyo nimegundua wanalipa kwa PayPal peke yake. PayPal yangu niliyofungulia hapa Tanzania haipokei. Binamu yangu wa Nairobi anasema nitumie ya kwake.

Mada zenyewe ni mchanganyiko: bima ya mbwa huko Marekani, faida za kunywa maji asubuhi, jinsi ya kuchagua godoro. Kila moja inanila kama saa tatu pamoja na kusoma, na bando la kama shilingi 1,000.

Kuna kundi la WhatsApp ambako jamaa anauza mafunzo ya uandishi kwa 35,000. Huyohuyo anakodisha akaunti "zilizokomaa" za Upwork, lile soko la kazi za mtandaoni, yeye anachukua asilimia 40 ya kila unachopata. Mwingine ana kazi za kuwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza, na analipa kuliko ile tovuti.

Je, niendelee? Pesa yangu naitoaje? Nikodi akaunti? Na ipo njia ya kupata walau laki mbili kwa mwezi bila kuacha kazi?

Karani, Chamazi

*

Karani, mdogo wangu,

Shika kikokotoo kwanza. Tuseme dola ni shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi. Dola 47.50 ni shilingi 118,750. Toa bando la makala 31, inabaki 87,750. Umekaa mezani saa 93. Gawanya: shilingi 943 kwa saa, na hizo bado hujazitia mfukoni.

Utasema kosa ni zile 12 zilizokataliwa. Haya, tuchukulie zote 31 zingepita. Ungekuwa na dola 77.50, ukitoa bando unabaki na shilingi 162,750, yaani 1,750 kwa saa. Kwa kiwango hicho laki mbili unayoitaka inadai saa 114 kwa mwezi, karibu saa nne kila usiku, Jumapili ikiwemo, na bila makala hata moja kurudi. Kwa hiyo hata ukiwa mwandishi bora wa tovuti nzima, bei yenyewe haibebi lengo lako. Acha kuhesabu kwa makala, hesabu kwa saa. Kila kazi mpya utakayoletewa, ipitishe kwenye hesabu hii kabla hujaikubali.

Kwa nini wanalipa hivyo? Tovuti za aina hii hazina wasomaji wake zenyewe. Zinaishi kwa watu wanaotafuta kitu Google wakaangukia ukurasa wenye matangazo, au kwa kuuzia makala kampuni zinazotaka kuonekana Google. Mlango huo ukibanwa, biashara inakatika. Februari 2011 Google ilibadilisha namna ya kupanga matokeo, badiliko lililoitwa Panda, na viwanda vingi vya makala vikaporomoka kwa sababu kurasa zake zilionekana nyepesi. Yahoo ilikuwa imenunua Associated Content mwaka 2010, ikaipa jina la Yahoo Voices, ikaifunga 2014. Helium nayo ilifunga mwaka huohuo. Kisha Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na mwenye tovuti akaanza kujiuliza kwa nini alipe hata hizo dola mbili na nusu kwa makala ya maji ya asubuhi. Machi 2024 Google ikatangaza masharti makali dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili tu kuvuta utafutaji, ziwe za mashine au za binadamu. Wahariri sasa wana hofu, ndiyo maana wanakataa ovyo. Nakueleza haya ili ujue jambo moja la vitendo: usiache pesa ilale ndani ya akaunti ya tovuti ya namna hiyo. Siku ikifungwa, salio lako linabaki kuwa namba tu.

Sasa hizo dola 47.50. PayPal iliyofunguliwa Tanzania kwa muda mrefu imekuwa ya kulipia na kutuma, si ya kupokea. Hujakosea mahali, na usihangaike kufungua nyingine. Usiandike makala ya 32 kabla hujafanya mambo haya.

Piga picha ya skrini ya salio, orodha ya makala zilizopita, na ukurasa wa masharti ya malipo, tarehe ionekane. Kisha waandikie watu wa huduma kwa wateja swali moja lenye sehemu mbili: je, wanaweza kulipa kwa Payoneer (huduma nyingine ya kupokea pesa kutoka nje), na kama hawawezi, je, wanakubali malipo yaende PayPal yenye jina la mtu mwingine uliyemteua wewe? Payoneer inafanya kazi Tanzania na unaweza kuhamishia pesa akaunti yako ya benki, ila soma kwanza ukurasa wake wa ada. Wanatoza ada ya mwaka kwa akaunti isiyopitisha kiasi fulani cha pesa, na kwa dola 50 ada hiyo inaweza kumeza sehemu kubwa. Ukifungua, jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye akaunti ya benki. Kama benki ina majina mawili na NIDA ina matatu, rekebisha benki kwanza. Pesa nyingi hukwama hapo, wala si kwenye mtandao.

Binamu wa Nairobi anafaa kwa sharti moja: tovuti iwe imekubali kwa maandishi. Na hata hapo, asikupe nywila yake. Akaunti ya Nairobi ikifunguliwa ghafla kutoka Dar inazua shaka, na PayPal ikishuku inaweza kushikilia pesa hadi siku 180, pamoja na za kwake. Yeye apokee, atoe kwa M-Pesa ya Kenya, akutumie kwenye M-Pesa yako ya hapa. Njia hiyo kati ya nchi hizi mbili ipo tangu 2015. Wakikubali, hapo sasa andika makala moja tu, ifike 50, utoe, uage. Wakikataa njia zote mbili, hiyo ni ada ya shule umelipa. Inauma, lakini kuongeza makala nyingine ishirini hakutaifungua PayPal.

Benki kwa benki, yaani TT, kwa kiasi hiki sahau. Benki ya kutuma inakata, ya katikati inakata, ya kwako inakata. Siku utakapokuwa na mteja wa nje wa dola 300 kwenda juu, mwulize atatuma kwa OUR au SHA. OUR ni yeye kubeba makato, SHA mnagawana. Iandikeni kwenye makubaliano, maana ukinyamaza, wa kukatwa ni wewe.

Kuhusu zile 12. Soma masharti ya tovuti sehemu ya haki za makala zilizokataliwa. Kama hayasemi vingine, ni mali yako. Chukua sentensi moja ya maneno nane hadi kumi kutoka katikati ya kila makala, iweke ndani ya alama za kunukuu, itafute Google. Fanya hivyo leo, na urudie baada ya mwezi. Ukiikuta imechapishwa mahali chini ya jina jingine, una picha ya skrini ya kuwaonyesha. Si lazima walipe, ila utajua unashughulika na watu gani.

Zile tano za "mashine" ni suala jingine. Vipima-maandishi hivi vinakosea. OpenAI, wenyewe wenye ChatGPT, walitoa kipimo chao wakakiondoa Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Na sisi ambao Kiingereza tumekikuta shuleni tunakamatwa zaidi, kwa sababu tunaandika sentensi za wastani, msamiati wa kawaida, muundo safi wa kitabuni, na hivyo ndivyo kipimo kinavyoitambua mashine. Wewe uliongeza tatizo kwa kuiachia ChatGPT vichwa vidogo. Mpangilio wake unafahamika: utangulizi, faida tano zenye urefu sawa, hitimisho. Hata maneno yakiwa yako, mifupa ni yake. Panga mwenyewe kwenye karatasi. Andika ndani ya Google Docs tangu sentensi ya kwanza, usibandike kutoka kwingine, kwa sababu Docs inatunza historia ya matoleo: nani aliandika nini, saa ngapi, alifuta wapi. Mhariri akilalamika, mpe kiungo chenye ruhusa ya kuhariri aangalie historia hiyo, maana mwenye ruhusa ya kusoma tu haioni. Hakuna ushahidi mzuri kuliko huo, na hauna gharama. Ukiwasha matumizi ya nje ya mtandao, unaandika bila bando na bila kuogopa umeme kukatika mradi betri ina chaji.

Akaunti ya kukodi: hapana. Upwork wanakataza mtu kutumia akaunti ya mwingine, na wanaweza kudai uhakiki wa kitambulisho na sura wakati wowote. Siku ya uhakiki, sura inayotakiwa si yako. Akaunti inafungwa, pesa iliyomo huna pa kuidai, na ule "ukomavu" wa nyota tano uliojenga kwa jasho lako unabaki kwa mwenye jina. Tena asilimia 40 unamlipa jamaa juu ya makato ya Upwork yenyewe. Kufungua ya kwako ni bure. Gharama iko kwenye alama za kuombea kazi, zinaitwa Connects, ambazo kila ombi linakula kadhaa, kwa hiyo mtu anayeomba kazi hamsini kwa barua moja ileile anaunguza pesa. Fiverr, soko jingine la aina hiyo, ndiyo ya kukata asilimia 20. Uzijue hizo kabla hujataja bei.

Insha za wanafunzi: huko Uingereza, England hasa, kutoa au kutangaza huduma hiyo kibiashara ni kosa kwa sheria ya 2022. Zaidi ya hapo, kazi hizo hazina jina lako, huwezi kumwonyesha mteja mwingine hata moja. Unaandika mwaka mzima na mwisho wa mwaka huna sampuli. Na mafunzo ya 35,000, muombe jamaa akuonyeshe makala tatu zenye jina lake kwenye tovuti zinazolipa. Uone kama atajibu.

Tuje kwenye kinachonishangaza katika barua yako. Unafanya kazi ya nyaraka Kurasini, mchana kutwa unashika TANSAD (fomu ya kutangaza mzigo forodhani), BL (hati ya mzigo wa meli) na manifesti (orodha ya mizigo ya meli), kisha usiku unaandika bima ya mbwa wa Marekani. Bima ya mbwa inaandikwa na kila mtu duniani, ndiyo maana ni nusu senti. Lakini ni wangapi wanaoweza kumweleza mfanyabiashara wa Lubumbashi au Lusaka kwa nini kontena lake limedaiwa mara mbili hapa Dar?

Tazama tofauti. Makala ya kawaida kwenye tovuti za usafirishaji huanza: "Katika ulimwengu wa leo, usafirishaji wa mizigo ni sekta muhimu sana." Msomaji ameshaondoka. Sasa andika unachokijua: "Kontena likipita siku za bure, unaanza kudaiwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Kampuni ya meli inadai demaraji kwa sababu kontena ni lake. Bandari au bandari kavu inadai storeji kwa sababu nafasi ni yake. Kulipa moja hakusimamishi nyingine. Na likishatoka, ukichelewa kulirudisha tupu, kuna ditensheni." Sentensi tano, na kila moja imeokoa pesa ya mtu. Umeona hakuna sifa hata moja humo? Ni nani anadai nini, kwa sababu gani. Mwenye mzigo wa kwenda Zambia au Congo anaihitaji zaidi, maana kontena lake linasafiri siku nyingi kwenda na kurudi tupu.

Wateja wa maandishi hayo wako karibu nawe kuliko unavyodhani: mawakala wa mizigo, waagizaji wa magari ya Japani, wenye bandari kavu, wenye malori ya kwenda nje. Wengi wana tovuti zenye picha ya meli na ukurasa wa habari uliokufa miaka mitatu iliyopita. Andika sampuli mbili, moja Kiswahili, moja Kiingereza, maneno 800 hadi 900 kila moja. Mpe mtu mmoja wa forodha azisome akutoe makosa. Kisha chagua kampuni kumi, fungua tovuti ya kila moja, tafuta swali ambalo mteja wake angeuliza na halijajibiwa pale, halafu tuma ujumbe unaotaja hilo hilo:

"Habari za kazi. Ukurasa wenu wa maswali haumwelezi mteja tofauti ya demaraji na storeji, na nadhani mnapigiwa simu kila siku kuhusu hilo. Nimeambatanisha aya mbili za mfano. Makala kamili ya maneno 900 naandika kwa shilingi 45,000, ndani ya siku tano, marekebisho mawili yamo ndani ya bei. Nusu inalipwa kabla ya kuanza."

Usitume moja kwa wote kumi. Anayepokea anajua.

Hesabu tena. Makala ya maneno 900 kwa kiwango hicho itakuchukua kama saa sita mwanzoni, pamoja na marekebisho. Tano kwa mwezi ni 225,000 kwa saa 30, yaani 7,500 kwa saa. Mwezi wa kwanza usitegemee tano. Unaweza kupata moja, au usipate kabisa, na wa kwanza atataka kushusha bei. Shusha idadi ya maneno, usishushe bei ya neno: 27,000 kwa maneno 540, bei ya neno ni ileile shilingi 50. Marekebisho ya tatu yanalipiwa. Na nusu ya mwanzo iingie kwenye simu yako kabla hujafungua Docs, hata kama ni mtu mnayesalimiana kila siku pale Kurasini. Hao hasa ndio wanaochelewesha.

Kuna hatari moja kwako: mwajiri wako. Angalia mkataba unasemaje kuhusu kazi za nje. Usiandikie kampuni inayogombania wateja na yake bila kumwambia. Anza na wenye malori au waagizaji wa magari. Na usitumie mfano wowote wenye jina la mteja, namba ya BL au thamani ya mzigo, hata ukibadilisha tarehe, kwa sababu kwenye biashara hii watu watautambua mzigo kwa aina ya bidhaa na mwezi tu. Kompyuta ya ofisi isihusike.

Chukua TIN kama huna, TRA wanaitoa bure, na uulize pale dirishani kipato cha pembeni cha mwajiriwa kinatolewa taarifa vipi. Kampuni ya hapa ikikukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, mdai cheti chake. Bila cheti huna cha kuonyesha kwamba umeshakatwa. Ukifikiria kufungua tovuti yako mwenyewe ya habari, pitia kwanza TCRA, kuna Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, zilizochukua nafasi ya zile za 2018 na kurekebishwa 2022, na suala la leseni limo humo. Kwa kuwaandikia wengine kwenye tovuti zao, anza tu.

Usiku wa leo tuma lile swali la Payoneer. Ukimaliza, usifungue orodha ya mada zao. Chukua karatasi uandike maswali kumi ambayo wateja wamekuuliza kaunta wiki hii, kwa maneno yao wenyewe, yakiwemo yale ya hasira.

Mshauri